Flash ya Mchana

Asubuhi nilichekwa. Jioni hii naombwa picha.

Tulikuwa wapiga picha wawili kwa harusi pale Dunga. Maharusi walisimama ufuoni mwa ziwa, jua likiwa nyuma yao. Mimi nikawasha flash.

Otis, huyo mwenzangu, akaambia wageni wote, "Cheki huyu mama wa mtaa wa Manyatta anamulika jua na tochi."

Watu walicheka. Bibi harusi mwenyewe akashika mbavu.

Sasa Otis amefungua picha zake. Gauni liko, ziwa liko, sura hakuna: jua la nyuma limezifanya giza tupu.

Amenipigia: "Sista, tafadhali, nitumie hata moja tu."

Kamera yangu ilikuwa inapiga tatu kwa mpigo: ya mwanga mwingi, ya kawaida, na ya giza.

Mimi si mchoyo jamani. Nimemtumia ile ya giza.

Nikamwandikia: jaribu tochi.