Udongo wa Ufagio wa Mama

Harufu ya mihogo iliyolowekwa ndiyo iliyonijia kwanza. Kwetu mtaani Mangobo harufu hiyo haimshangazi mtu. Kila ua una beseni lake, mihogo hulala majini mpaka ilainike, na pua huzoea. Kwa hiyo asubuhi ile ya mvua nilipoisikia karibu na mchungwa mkubwa, nilidhani ni beseni la jirani, nikaendelea kufagia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka mmoja baadaye, nami nikaacha shule ili Neema na Bahati wabaki darasani. Tangu siku hiyo wadogo zangu hawakuniita tena kwa jina. Nilikuwa Yaya tu, kwetu ndivyo aitwavyo ndugu mkubwa, yule anayepika na kukaripia.

Baba alituachia michungwa mitatu. Alikuwa amechukua vijiti vya mchungwa mtamu akaviunga juu ya mashina ya mdanzi, ule wa matunda makali, kwa sababu mizizi ya mdanzi huvumilia udongo wetu usiokauka. Matunda ya miti hiyo ndiyo yaliyowalipia wadogo zangu shule. Mama naye alituachia sheria moja ya ufagio: vumbi la ua halitupwi barabarani, maana anayelitupa nje hutupa na baraka za nyumba. Likusanywe shinani mwa mchungwa. Baada ya kumzika niliishika sheria ile kama rozari. Nilikusanya vumbi, nikaongeza majivu na maganda ya ndizi, nikamwagia maji ya vyombo, kisha nikapigapiga kwa kiganja. Kichuguu kilipofika magotini mwangu nilijisikia kama mtu aliyemfunika mgonjwa vizuri.

Ndipo majani ya mti mkubwa yakaanza kugeuka manjano, na gome likatoa machozi mazito ya rangi ya asali. Mama Kavira, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa akinunua machungwa yetu, aliingia uani na magunia yake matupu, akasimama.

"Yaya, hii muti iko na baridi?"

"Hapana, Mama."

"Alors, sababu gani umeivalisha blanketi mpaka kwa tumbo? Muchungwa inapumua na shingo, sawa na weye. Leta kisu."

Alipiga magoti, akauondoa udongo kwa mikono. Chini yake gome lilikuwa la kahawia; alipoligusa kwa kisu likabanduka kama karatasi iliyolowa, na harufu ya mihogo ikapanda. Beseni nililodhani la jirani lilikuwa hapo shinani siku zote. Akanionyesha pale baba alipounga, kovu kama mkanda kiunoni mwa shina. Mizizi ya mdanzi, alisema, inaweza kupigana na uozo unaoishi udongoni. Sehemu tamu ya juu haiwezi. Kovu lile lazima lione jua. Mimi nilikuwa nimelizika. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami methali hiyo niliiimba shuleni bila kujua inahusu nini.

Aliniambia nifukue yote mitatu. Nilikataa. Nilimwambia ni udongo wa mama, siwezi kuutupa.

Bahati, mwenye miaka saba, alikuwa amekaa kizingitini akimenya chungwa. "Mama hakukuwa anauacha pale," alisema. "Mbele ya mvua kuanza tulikuwa tunaubeba na beseni, tunapeleka kwa lenga-lenga. Mie nilikuwa nashika huku, yeye anashika kule."

"Lini?"

"Asubuhi. Weye ulikuwa kwa masomo."

Bustani ile ya lenga-lenga, mchicha wa mama, niliiacha iote magugu. Nilikuwa nimeirithi nusu ya sheria. Nusu nyingine alikuwa nayo mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza.

Tulifukua kwa mikono, bila jembe, maana Mama Kavira alisema kila mzizi uliokatwa ni mlango wazi. Tulikwangua gome lililooza mpaka tukakuta rangi ya kijani, tukapaka chokaa, tukachimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Miwili ilipona. Mti mkubwa uozo ulikuwa umeuzunguka kama pete, ukakauka. Tuling'oa mizizi yake tukaichoma, na katika shimo lile hatujapanda mchungwa tena.

Hisani haiozi, tunaambiwa. Yangu ilioza, na niliinusa nikasema ni ya jirani. Leo Neema ana watoto, Bahati ni muuguzi ng'ambo ya mto, na mimi bado nafagia ua uleule. Watu husema Yaya alijinyima shule kwa ajili yao, nami huwaacha waseme. Lakini kila mwaka, mawingu yanapoanza kujikusanya upande wa mto Tshopo, simu yangu hulia, na muuguzi yule huuliza jambo moja kabla ya salamu.

"Yaya, umetoa udongo?"

Humwambia aje ashike beseni upande wake. Na huja.