Mtini Usio na Maua

Jumapili, mwezi wa sita, tarehe tisa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani ukakaa juu ya mabati mpaka saa tatu. Mchana jua la kawaida, upepo kidogo, mvua hakuna.

Leo mama amekula tini. Nataka kuandika ilivyokuwa, ila sijui kama nitaandika kwa haki, maana mwenye kosa ni mimi, na mwenye kosa hujipunguzia au hujiongezea. Nitajaribu.

Kitawi cha mtini wetu nilikipata Mikumi, nilipokuwa nasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni pale barabara kuu. Nyuma ya jiko palikuwa na mtini, na mpishi alikuwa anaupogoa kwa panga ili malori yapate pa kugeuzia. Nikamwomba fimbo moja.

"Chukua hata mzigo, mama," akasema. "Wageni wa hapa wanataka chipsi."

Nikarudi nacho Kilosa kimeviringishwa kwenye kipande cha kitenge kilicholowa, kondakta akaniuliza kama nimebeba mgonjwa.

Sikukichukua kwa ajili yangu. Mama yangu, ambaye tunaishi wawili tangu baba afariki, alisoma shule ya misheni kule milimani hadi darasa la nne, na habari za tini alizisikia kanisani tangu akiwa binti mdogo. Alizijua kwa majani yake, kwa kulaaniwa kwake, kwa vikapu vyake. "Nitakufa nazijua habari zote za tini na sijaonja hata moja," alikuwa akisema, anacheka. Alisema kwa kikwetu. Mimi na yeye hatukuwa na kawaida ya kuongea Kiswahili. Kiswahili kilikuwa cha ofisini na cha wageni.

Nilikichomeka nyuma ya bafu, maji ya kuogea yanakotokea. Jirani yangu, mwanamke wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, akaniletea samadi, karai mbili, hakutaka kitu. Naliandika hili kwa sababu mtaani kwetu wafugaji wanasemwa vibaya, na haki yake ni hii.

Siwezi kusema uongo, miaka ile miwili ya kwanza ilikuwa ya raha. Kila asubuhi mama alitoka na kigoda chake akaenda kuhesabu majani. Jani jipya likifunguka aliniita nikiwa nimeshika sufuria, nami nilikwenda na sufuria yangu. Mti ulipofika kimo cha mlango, tukaanza kuchambulia mboga pale chini. Mvua ikinyesha majani yale mapana yalitoa harufu fulani, sijui niieleze vipi, kama nyasi zilizokatwa zikichanganyika na maziwa.

Mwaka jana, masika yanakaribia kwisha, vikatokea vitu vidogo vya kijani kwenye matawi, kama gololi. Ua hata moja sikuwa nimeliona. Mimi nilimaliza darasa la saba, na somo la sayansi ninalolikumbuka vizuri ni lile la ua: kwanza ua, halafu chavua, halafu tunda. Nikakagua mti tawi kwa tawi. Hakuna. Jirani akaja akatazama, akapiga makofi kwa kucheka.

"Dada, huu umepata mimba bila harusi!"

Nikacheka naye, lakini neno likaniingia. Mahindi yetu yalikuwa yameliwa na viwavi mwaka ule, nilikuwa naona ugonjwa kila mahali. Nikamwambia mama kwamba mti umetoka majipu, nitayatoa kabla hayajaenea.

"Yaache," mama akasema. "Mkuyu wa kule mtoni, ua lake umeliona lini?"

"Kuyu ni chakula cha nyani, mama. Tena zina wadudu ndani. Huu ni mti wa watu."

"Haya. Mimi sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa kejeli. Nimelifikiria sana hilo, na naamini hakusema kwa kejeli.

Nikayachuma yote, nusu ndoo. Utomvu mweupe ukanitiririka hadi kwenye viwiko, mikono ikaniwasha siku mbili, na hata kuwashwa huko nikakufanya ushahidi wangu. Nikayafukia shimoni. Mama alikaa kwenye kigoda akinitazama mpaka nikamaliza.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa naanika nguo, nikaona juu kabisa, nyuma ya jani, moja nililolisahau. Lilikuwa limegeuka zambarau, na ndege walikuwa wameshakula ndani, limebaki ganda linaning'inia. Nikaenda nalo kwa mama. Nikasema, "Mama, zilikuwa tini."

Akaligeuza mkononi. "Basi zitarudi," akasema. "Mti hauhami."

Mti kweli haukuhama. Akili ya mama ndiyo iliyohama. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Halafu akawa anamwulizia baba. Mwezi wa pili mwaka huu nilitoka chumbani asubuhi, akainuka kwenye mkeka, akaniambia kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama." Nikadhani anatania. Hospitalini wakasema ni uzee, wakanieleza kwa upole, sina la kuwalaumu. Tangu siku hiyo huniamkia mara kwa mara, na mimi nilikuwa sijawahi kuitikia. Ningeitikiaje?

Leo zimeiva tatu. Nikazifuta, nikaziweka kwenye sahani, nikamwekea mbele. "Mama, tini hizi. Zako."

Akaweka mikono magotini, akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Mama, ni mimi mwanao."

"Shikamoo," akarudia. Sahani hakuigusa, ingawa macho yalikuwa pale. Nikaelewa. Amelelewa milimani, mtoto hawezi kula mbele ya mtu mzima ambaye hajamwitikia.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni na kidumu cha maziwa. Akaniambia polepole, "Mwitikie, dada. Anataka kula."

Nikasema, "Marahaba." Nimemwambia mama yangu mzazi marahaba.

Akala zote tatu, na maganda yake. Nikamwuliza kwa kikwetu anakula nini. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, "Sijui. Ni tamu. Mwambie mwenye mti nimeshukuru."

Kwa haki, pengine za mwaka jana nazo zingeliwa zote na ndege. Pengine akili ilishaanza kuondoka na mimi sikuona. Lakini mwaka jana alikuwa bado anajua alichokuwa akikingoja, na mwaka jana ule niliufukia mimi, kwa mikono yangu, naye akiwa amekaa ananitazama. Sioni pa kuligeuzia hilo.

Jioni tumekula ugali kwa mlenda na dagaa wa kukaanga, na maziwa ya jirani. Mama alinawa mwenyewe, akala tonge nne.