Siku Mama Alipomtunza Bi Gunvor

Nikisikia harufu ya iliki na maandazi yanayokaangwa, hunijia jiko letu la Edgware Road, London, na Bi Gunvor amesimama katikati yake akilia machozi ya uongo. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mwigizaji kutoka Norway, na majira yale ya baridi, nilipokuwa na miaka kumi, alishuka kila alasiri kufanya mazoezi mbele ya mama yangu. Kwao alikuwa maarufu kwa filamu. Lakini alianzia jukwaani, na huko ndiko maneno yalikompotea siku moja mbele ya ukumbi uliojaa, akatoka mbio. "Kwenye filamu nikikosea tunarudia," alituambia. "Sasa narudi jukwaani. Nikinyamaza tena, basi, sipandi tena maishani." Mama, Mzanzibari asiyejua woga, akamsogezea sahani. "Kula kwanza, bibi wee. Hofu na njaa kwa pamoja, utaviweza?"

Siku ya kwanza ya mchezo alitupa tiketi. Mama alivaa kama anakwenda harusini, akajifukiza udi mpaka basi zima likajua tumepanda. Jamani, ukumbi ule ulikuwa kimya, hata aliyekohoa aliomba radhi! Bi Gunvor aliigiza mama anayemuaga binti yake asubuhi ya ndoa. Alisema, alisema, mpaka Mama akawa anajifuta machozi, kisha katikati ya maneno Bi Gunvor akanyamaza. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia jikoni mpaka nikayakariri, nikajua yamempotea. Mara Mama akasimama. "Mama, kaa!" nilimnong'oneza kwa Kiingereza, nikimvuta nguo. Wapi! Kwetu kwenye taarab, mwimbaji akikugusa moyo unamwendea ukicheza taratibu, unamtunza noti mkononi, na Mama alidhani Bi Gunvor ametulia ili atunzwe. Akashuka akijinyonganyonga, noti ya pauni tano juu, mpaka ukingoni mwa jukwaa. "Ewaa! Sema, bibi, umenikuna!" Nilitamani ardhi inimeze. Bi Gunvor akainama, akaipokea, akaangua kicheko, na kicheko kilipokwisha maneno yalikuwa yamerudi. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyo, wakapiga makofi.

Tangu hapo hakuliacha tena jukwaa, kwao wala hapa. Sasa magoti ya Mama yamegoma, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na mimi nina watoto wanaonijibu kwa Kiingereza kama nilivyokuwa nikimjibu yeye. Mwezi uliopita Bi Gunvor, mvi kichwa kizima, alikuja tena London kuigiza, tukakaa mbele. Mama alikuwa ameikunja noti yake kiganjani. Mchezo ulipokwisha aliitazama miguu yake. "Leo siwezi kumwendea," alisema kinyonge, na moyo ukaniuma. Makofi yakiendelea, Bi Gunvor akawaacha wenzake, akashuka ngazi, noti yake mwenyewe juu, akijinyonganyonga vibaya kabisa, hana mahadhi hata chembe, hadi kwenye kiti cha Mama. "Ewaa, bibi," alimwambia kwa Kiswahili, "umenikuna." Nikasimama nikapiga kigelegele mpaka ukumbi mzima ukageuka, na watoto wangu wakaanza kunivuta nguo nikae.