Kibuyu cha Nyabuto

Harufu ya kijiti cha mti wa senetwet kikiungua hunirudisha Kimulot hata nikiwa jikoni kwangu mjini. Nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, alikitumia kusugua vibuyu vya maziwa kwa ndani, amevipakata kama mtoto anayeogeshwa, na nyumba nzima ikanukia moshi mtamu. Kwetu kila mtu alikuwa na kibuyu chake. Changu kilikuwa kidogo, shingo imepinda, na cha mjomba wangu Kiprono kilikuwa na ushanga mwekundu.

Nyabuto naye alikuwa na chake. Alikuwa mtu wa Kisii, mchumaji chai mwenzake mjomba, na waliishi pamoja katika nyumba ya mabati nyuma ya yetu. Siku ya kwanza kuonja mursik, maziwa yetu ya mgando yenye masizi ya kijiti kile, alikunja uso. "Kogo, maziwa yenu imepakwa lami!" Kogo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamtengenezea kibuyu. Mgeni hutiliwa kikombeni. Mwenye kibuyu ni wa nyumba hiyo.

Watu waliwaita chanda na pete, wakaendelea na mambo yao. Wakirudi kutoka shambani, mmoja alimmiminia mwenzake maji ya kunawa, na jioni mjomba aliimba. Jamani, mjomba wangu aliimba siku hizo!

Kisha mhubiri mgeni akaja sokoni na vipaza sauti, akayapa mapenzi ya wanaume wawili jina la kutisha. Katika nyumba ile ya mabati hakikubadilika kitu. Yaliyobadilika ni macho yetu. Akina mama waliozoea kumwomba Nyabuto awapasulie kuni wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Jumapili moja wazee wa ukoo walikuja kusema aondoke, la sivyo vijana wangechoma nyumba.

"Huyu anakunywa kwangu," Kogo aliwaambia.

"Kogo, wacha niende," Nyabuto akasema. "Wataumiza Kiprono."

Akaondoka na begi lake kwenye mvua. Mjomba alisimama katikati ya michai mpaka shati likamganda mwilini. Sikumsikia akiimba tena.

Kogo aliendelea kukisugua kibuyu cha Nyabuto ingawa hakikutiwa maziwa, nami nikadhani ni uzee. Alipofariki, binti zake waligawa vibuyu. Mjomba aliacha chenye ushanga mwekundu, akachukua cha Nyabuto.

"Anko, hicho si chako," nikamwambia.

"Ndio hiki, mama. Nipee tu."

Siku hizi vijana wetu hubishana kuhusu watu kama hao kwenye simu, wengine kwa matusi, wengine kwa upole ambao natamani ungekuwapo Jumapili ile. Binti yangu aliniuliza juzi kama zamani walikuwako kwetu. Nilimwambia walikuwako, na mmoja alikuwa akinipasulia miwa.

Mwezi uliopita nilimtembelea mjomba. Amejaa mvi. Kibuyu kinaning'inia karibu na kitanda chake, na alipotoka kuleta chai nilikisogelea nikakinusa. Kilinukia moshi wa asubuhi hiyo hiyo. Nilisimama pale nikilia kama mtoto. Kogo hakuwa amesahau kitu. Alikuwa akimwekea Nyabuto nafasi yake, na mjomba bado anamwekea.