Fulana Zenye Uso wa Mdogo Wake

Dobi alikuwa na wivu, tena si wa kuuma na kupuliza. Kila fulana yenye picha ya mdogo wake iliyoletwa kibandani, aliigeuza nje ndani kabla ya kuipiga pasi. Wateja walidhani anaitunza picha isiharibike. Wapi! Hakutaka tu kuuona ule uso ukimchekea kutoka mezani.

Mdogo wake ndiye Bwana Mistari, mwanamuziki wa rapu anayejaza viwanja. Kila alipoulizwa alianzaje, jibu lilikuwa lile lile: "Shida ndiyo iliyonifundisha." Shida! Roho ilimuuma dobi. Shida gani iliyokuwa ikimfulia kaptura? Tiketi za viti vya mbele alizotumiwa na mdogo wake aliwashia mkaa.

Walipofiwa na mama yao walihamia kwa mjomba. Dobi alikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wake sita, na huyo mdogo alikuwa na kigugumizi kibaya. Binamu zao walimwigiza wakati wa kula mpaka akaacha kuomba hata chumvi. Kaka mtu akaona bora awe anakwenda naye kazini, amkalishe chini ya meza ya pasi. Siku moja, alipokuwa akigonga pasi ya mkaa kwenye bati ili kukung'uta majivu, ko-ko, ko, akasikia kutoka chini ya meza sentensi nzima, imenyooka, inafuata ile milio. Akagonga tena. Ikaja nyingine. Miaka kumi aligonga pasi, mtoto akasema, mwisho akawa anachana mistari ya rapu. Kisha akaondoka na mistari yake, dobi akabaki na bati.

Jumamosi moja mchana Bwana Mistari alikuwa redioni, wasikilizaji wakaruhusiwa kupiga simu. Dobi akatua pasi, akapunguza sauti ya redio, akapiga. Leo mdogo wake atamkoma. Aseme kweli, au adanganye huku kaka yake anamsikia.

"Mimi msikilizaji tu," alisema, amejikaza. "Nauliza, nani alikufundisha kuchana? Usiniambie shida. Nitajie mtu."

Mtangazaji akacheka kidogo. Kisha ikasikika: "K... k... k..."

Dobi akaganda. Mdogo wake alikuwa ameitambua sauti yake. Na hapo dobi akakumbuka jambo alilolisahau kwa sababu kulisahau kulimfaa: katika maneno yote, "kaka" ndilo lililomshinda yule mtoto kabisa. Alipomhitaji alimvuta shati. Bila pasi hakuwahi kulitamka.

"Nadhani laini inasumbua," mtangazaji alisema haraka.

"K... k..."

Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake akaangua kicheko. "Ala! Kumbe Bwana Mistari ana kigugumizi!"

Hicho hasa ndicho dobi alichokiombea miaka yote, mdogo wake aumbuke japo mara moja, watu wamcheke. Sasa kimekuja, na kilimchoma vibaya sana. Alimkata mteja jicho, akailaza simu kando ya bati, akashika pasi, akagonga. Ko-ko, ko.

"Kaka," sauti ikasema kwenye simu. "Huyo ni kaka yangu. Alinilea yeye. Kaka, mbona hukuja hata siku moja kunitazama?"

Dobi akaiokota simu.

"Kumbe tuna kaka mtu hewani!" mtangazaji akadakia. "Kaka, tuambie, unaitwa nani? Watu wanataka kukujua."

Dobi alikuwa amelisubiri swali hilo tangu mdogo wake alipoanza kusikika redioni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, jina likagoma kutoka.

Mteja akaacha kucheka. Na kule studioni, polepole, mtu akaanza kumgongea meza: ko-ko, ko.