Kikia Chini ya Kiti

Mtu akiwa opereta wa mashine ya viti vya plastiki tangu ujana wake, usimkaribishe kwako ukadhani atakaa tu. Atakaa, lakini kwanza atakigeuza kiti. Ndivyo alivyo Mzee Kisu, na mkewe ameshachoka kumwombea radhi mtaa mzima.

Kazi yenyewe haina siri. Chembechembe za plastiki zinaingia juu, mashine inaziyeyusha na kuzisukuma ndani ya kalibu, kalibu inafunguka, kiti hicho! Pale plastiki ilipoingilia, chini ya kikalio, panabaki kikia kidogo, kigumu, chenye ncha. Opereta anakipindua kiti bado kina joto, anakata kikia kwa kisu, kingine kinakuja. Asipokikata, basi tena. Ukija kukibeba kiti hicho kiunoni, kinakurarua nguo.

Siku waliyokwenda kumposea mtoto wao wa kiume, mama mtu alisimama mlangoni na mkono wazi.

"Toa kisu."

"Kisu gani?"

"Baba watoto, toa, usinitie presha!"

Akakitoa mfukoni. Kijana naye akamshika baba yake bega. "Baba, nakuomba. Leo kaa kama watu wanavyokaa." Alikuwa na haki ya kuogopa. Mama wa binti alishamtimua mchumba mmoja kwa kosa la kucheka vibaya, na huyu kijana alimpenda yule binti mpaka usingizi ulimhama.

Walipokelewa vizuri. Viti vilikuwa pungufu, basi mama mwenye nyumba mwenyewe akaingia ndani, akarudi amekumbatia kiti cha plastiki, cha zamani, kizito. Gauni likalia chwaaa! Akajifanya hakusikia, akakaa, akatabasamu.

Jamani, Mzee Kisu alisikia. Mkono ulimwasha. Alijikaza, akatazama dari, akajibu habari za mvua. Wapi! Wakati mkewe anamsifu kijana wake, mzee aliinama taratibu na kuchomoa kisu cha pili. Mama watoto hakupekua soksi.

Mwenye nyumba alipotazama chini, alimwona baba wa kijana amepiga magoti, kichwa kimezama chini ya kiti chake, kisu mkononi.

"Mungu wangu! Unafanya nini huko?"

"Nakata kikia, mama."

"Kikia cha nani?"

"Cha kiti, mama. Tulia kidogo, usijitikise."

Kijana alifunika uso kwa viganja. Mama yake akashika mkoba tayari kuondoka, maana hapo palikuwa pameshaharibika. Loh, aibu gani ile!

Mwenye nyumba akainuka, akapitisha kidole chini ya kikalio. Akakiona. Macho yakamtoka.

"Kumbe ni wewe, mshenzi!" Alikuwa akikitukana kiti. "Magauni yangu yote! Na mimi nimegombana na fundi cherehani wangu mpaka hatusalimiani, namwambia vitambaa vyake vimeoza! Aliyetengeneza viti hivi nikimkamata, atanitambua!"

"Hata mimi, mama," alisema Mzee Kisu kutoka chini. "Nikimkamata, simwachi."

"Vingine viko jikoni."

Basi shughuli ya posa ikawa karakana. Kijana anabeba viti, binti anavipindua, mzee anakata, na wale wawili wanachekeana mbele ya wazazi bila haya. Jioni mama mkwe akawasindikiza hadi barabarani. "Kijana nimemkubali," alisema. "Ila siku ya harusi baba yake aje na kisu. Kuna viti vya kukodi."

Njiani mkewe akamtazama kwa jicho la pembeni. "Viti vile vilitoka mashine gani?"

"Namba saba."

"Si ndiyo yako?"

"Ndiyo yangu." Akakohoa. "Chini ya kiti kalibu huwa inapiga chapa ya namba ya mashine, mwezi na mwaka. Nimeusoma. Ni mwezi aliozaliwa huyu kijana wetu."

Mama mtu akasimama katikati ya njia. Mwezi ule aliukumbuka. Mtoto analia usiku kucha, baba anambeba huku na huku, asubuhi anasinzia mashineni na kisu mkononi.

"Sasa mimi nimefanya nini?" kijana aliuliza.

"Umemchania mama mkwe wako magauni yote," alisema Mzee Kisu, akamkumbatia. "Na ole wako umwambie."