Kadi ya Mchungaji Dunwoodie

Letitia Pomroy alichambua barua posta kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, akauhamishia ustadi huo kwa marehemu. Kila mchungaji aliyepata kulihudumia kanisa letu la Tarrow Creek, Pennsylvania, enzi za ukoloni wa Waingereza alimfungulia kadi: alikozaliwa, siku aliyowekewa mikono kuwa mchungaji, miaka ya utumishi, kaburi lake. Habari hizo alizifukua katika vitabu vya presbiteri (baraza la makanisa ya eneo hilo), wosia na mawe ya makaburini, na hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Kamati ya jubilei ilipoazimia kuyachonga majina hayo kwenye jiwe, ilimwita azisome kadi zake. Zilikuwa kumi na mbili. Alipofika ya nne, mwenyekiti, Wendell Ashcroft, alimkatiza.

"Dada Letty, huyu Ephraim Dunwoodie mruke. Kumbukumbu za wazee wa kanisa zinasema mimbari ilikuwa tupu tangu 1761 hadi 1766."

"Walioandika hivyo ndio waliomfukuza."

Akaweka mezani kipande cha madini ya risasi chenye maandishi, kidogo kama kifungo cha koti. Zamani hizo hakuna aliyeikaribia Meza ya Bwana bila kipande cha namna hiyo, na mchungaji hakukitoa kabla ya kumhoji mtu kuhusu mwenendo wake.

"Kimetoka katika kabati la kanisa letu wenyewe. Soma."

"E.D., 1763. Hata fundi wangu wa mabomba ni E.D."

"Alikuwapo 1763, huyo fundi wako?"

Wanakamati wakainama kuficha vicheko. Letitia akatoa nakala ya kumbukumbu za ushirika wa jirani. Humo iliandikwa kwamba Dunwoodie, mchungaji wa Tarrow Creek, aliwanyima vipande wanaume saba waliochoma nyumba za wenyeji wa asili kando ya mto, mpaka watakapoungama mbele ya kanisa. Hawakuungama. Walimfukuza. Wa pili kati yao alikuwa Ashcroft.

"Kumbe unataka kumchafua babu wa ukoo wetu siku ya sherehe," Wendell alisema.

"Babu yako alijichafua bila msaada wangu. Mimi namtafuta mchungaji."

Kura zikapigwa: wachungaji kumi na mmoja. Letitia akazifunga kadi zake kwa uzi, akasimama.

"Hizo kumi na moja tuachie, Dada Letty," Wendell alisema.

"Ama wote, ama jiwe tupu."

"Utatuaibisha mbele ya wageni?"

"Wageni wana midomo. Watauliza."

Kamati ilijaribu kuitunga orodha yenyewe. Miaka ikagongana; mchungaji mmoja akaonekana amezikwa kabla ya kuwekewa mikono. Mwezi Juni jiwe likazinduliwa likiwa tupu, na kila mgeni akamuuliza Wendell sababu. Majira yote ya kiangazi watu waliendelea kumuuliza, hata kwa kinyozi.

Mwezi Oktoba akapanda ngazi za baraza ya nyumba ya Letitia, kofia mkononi.

"Umeshinda, Letty. Nipe kadi."

Letitia akaingia ndani, akarudi na kadi moja tu.

"Hii ni ya Dunwoodie," Wendell alisema. "Na zile nyingine?"

"Anza na huyo. Ukishamchonga, nitakuja kusoma kwa macho yangu. Ndipo utakapopewa wengine."

Wendell akaitia kadi mfukoni, akaenda zake kwa mchonga mawe.